Ulilala Saa Ngapi?

Simama, miguu iachane kwa upana wa mabega. Legeza magoti, nyanyua mikono mbele ya kifua kana kwamba umekumbatia pipa, tazama mbele, usiende popote. Dakika ya tatu mabega huanza kuwaka. Dakika ya tano mapaja hutetemeka kama ya mtu aliyepanda vilima vya Igogo, Mwanza, na ndoo ya maji kichwani. Ikifika ya kumi viganja vimejaa joto, vidole vinacheza vyenyewe, na wapo wanaotokwa na machozi wasijue wanamlilia nani. Hili ni zoezi la mwanzo kabisa la qigong, elimu ya Kichina ya kuongoza mwili, pumzi na fikra kwa pamoja. Watu wengi mno hulifanya asubuhi, kisha hunywa chai na kwenda kazini. Wachache hulifanya, na baada ya majuma kadhaa ndugu zao huanza kuulizana kwa sauti ya chini kama mwenzao huyu bado ni mzima. Ugumu ni kwamba ukiwatazama watu wa makundi hayo mawili wakiwa wamesimama, huoni tofauti: wote wanatetemeka, wote wana joto, wote wanalia. Ndiyo maana nasema tumezoea kutafuta dalili mahali pasipo. Zoezi la pumzi linalotuliza na lile linalovuruga hayatofautiani sana wakati wa zoezi. Hutofautiana katika saa ishirini na nne zinazofuata.

Tuanze na hayo yanayotisha bila sababu. Misuli inayoshikilia mkao mmoja kwa muda mrefu huchoka, na ikichoka hutetemeka. Hapo hapana mzimu wala neema. Kutulia mahali pamoja huku mwili ukifanya kazi hupeleka damu hadi kwenye ngozi, na joto la viganja ni damu hiyo. Anayepumua kwa haraka na kwa kina kupita mahitaji ya mwili hutoa hewa ya ukaa nyingi mno kifuani, na hewa hiyo ikipungua katika damu, midomo hufa ganzi, vidole hujikunja na kukakamaa, kichwa huwa chepesi. Mtu yeyote atapata hayo, awe amefundishwa na bingwa wa Beijing au amejifunza jana kwenye simu. Mwalimu anayemwambia mwanafunzi kwamba ganzi ya midomo ni nguvu inayofunguka anamdanganya, hata kama hajui kwamba anadanganya. Vilevile ndugu anayekimbilia kusema mtu kapandisha mashetani kwa kuwa mikono imekakamaa ameharakisha. Akimwambia apumue polepole, dakika chache zinatosha kuilegeza mikono hiyo.

Lakini madhara yapo, na walioyaona kwanza kwa wingi ni Wachina wenyewe. Jina la qigong, kwa maana tunayoitumia leo, lilienea miaka ya 1950, kada wa Chama cha Kikomunisti Liu Guizhen alipoyaondolea mazoezi ya kale mambo ya dini na kuyaingiza katika vituo vya kutibia vya serikali. Wakati wa Mapinduzi ya Utamaduni yalipigwa vita. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1970 yakafumuka: bustani zilijaa, viwanja vya michezo vilijaa, wakuu wapya wa mitindo mipya wakajitokeza kila mji. Mtindo mmoja, wa korongo, uliosambazwa na Zhao Jinxiang, ulikuwa na hatua ambapo mwanafunzi aliuachia mwili ujisogeze wenyewe utakavyo. Wengi walicheza, wakacheka, wakapumzika. Wengine hawakuweza kuacha. Hospitali za magonjwa ya akili zikaanza kupokea watu wasiolala, wanaosikia pumzi ikipanda kichwani na kugoma kushuka, wanaosikia sauti, wanaoamini wamepewa kazi ya kuokoa ulimwengu. Madaktari wa China waliupa ugonjwa huo nafasi katika mwongozo wao, na mwaka 1994 Chama cha Madaktari wa Akili cha Marekani kiliutaja katika toleo la nne la mwongozo wake, kati ya magonjwa yanayofungamana na utamaduni. Wachina wa kawaida walikuwa na jina la zamani zaidi, zou huo ru mo, yaani moto umetoroka, shetani ameingia. Msukuma wala Mswahili hahitaji kufafanuliwa maneno hayo. Inafaa kusema pia kwamba baada ya serikali ya China kuipiga marufuku Falun Gong Julai 1999, maneno ya madhara ya qigong yalichanganyika na siasa, na msomaji makini ataegemea zaidi yale yaliyoandikwa kliniki kabla ya vita hivyo kuliko yale yaliyotangazwa baadaye.

Wala si mkasa wa China peke yake. Hakuin, mtawa wa Zen wa Japani aliyezaliwa 1686, alijikaza ujanani katika kutafakari hadi kichwa kikawaka moto, miguu ikawa baridi kama iliyotiwa barafuni, masikio yakavuma, na akawa mwoga wa kila jambo. Dawa aliyoieleza katika kitabu chake cha mwaka 1757 ni ya kushangaza kwa wepesi wake: ajione ana donge laini kama samli juu ya utosi, liyeyuke polepole, litiririke mabegani, kifuani, tumboni, hadi nyayoni. Yaani ashuke. Karne mbili na nusu baadaye watafiti waliokusanya tafiti 83 za kutafakari, na kuchapisha matokeo mwaka 2020, walikuta takriban watu 8 katika kila 100 walipata athari mbaya, hofu na sonona zikiongoza, na kati yao walikuwamo wasiowahi kuugua akili. Idadi hiyo haitofautiani sana na ile ya tiba ya mazungumzo, kwa hiyo si sababu ya kupiga marufuku chochote. Ni sababu ya kufungua macho tu. Na upande wa pili una uzito wake: mwaka 2012 watafiti wa Oregon waliwafuatilia wagonjwa 195 wa Parkinson, na waliofundishwa taiji, ndugu wa karibu wa qigong, walisimama imara zaidi na kuanguka mara chache zaidi kuliko waliopewa mazoezi ya kunyoosha viungo. Naona somo dogo katika jaribio hilo. Kilichowaimarisha wale wagonjwa ni kuhamisha uzito polepole kutoka mguu mmoja kwenda mwingine, macho yakiwa wazi, pamoja na wenzao, kwa saa iliyopangwa. Hapakuwa na safari ya kwenda mbinguni.

Basi tofauti ionekane wapi? Kwanza katika usingizi, na hapa ziwa letu lenyewe linatufundisha kupambanua. Wavuvi wa dagaa hukesha. Usiku wa giza, mwezi ukiwa haupo, taa zao hutanda majini mithili ya mji mwingine, na alfajiri mitumbwi hurudi na mzigo kwenye mialo. Hakuna anayesema wavuvi hao wamechanganyikiwa kwa kuwa hawalali usiku. Wanakula ugali wao, wanajitupa kivulini, wanakoroma hadi alasiri. Ukimwamsha mmoja atakutukana, na kutukana huko ni afya. Mtu aliyevurugwa na mazoezi yuko tofauti: halali usiku, halali mchana, wala hadai usingizi. Atakwambia saa mbili zinamtosha siku hizi, kwamba pumzi inamlisha. Ana maneno mengi, ana mipango, macho yanang'aa. Kwa kadiri nijuavyo hii ndiyo dalili inayopotosha kuliko zote, maana inafanana na mafanikio. Kukosa usingizi mfululizo peke yake kunatosha kumpandisha mtu mwenye mwelekeo wa ugonjwa wa akili, na ugonjwa wenyewe nao hufukuza usingizi, kwa hiyo viwili hivyo husukumana kama mawimbi. Mazoezi yanayotuliza humfanya mtu asinzie kwa wakati wake. Baada ya usingizi, tazama chakula, tazama kazi: je, muuza dagaa bado anahesabu chenji sawasawa? Fundi bado anapima mbao mara mbili? Je, mtu anavumilia mzaha? Aliyetulia hucheka akitaniwa na mtani wake. Aliyevurugika husikia ndani ya utani huo ujumbe uliotumwa kwake peke yake.

Dalili ya pili ni uwezo wa kuacha. Zoezi lililotulia lina mlango wa kutokea, na mtu anautumia apendapo. Katika qigong mlango huo una jina, shougong, kufunga kazi: viganja huwekwa chini ya kitovu, pumzi huachiwa ijiendee, mikono husuguliwa, uso hupanguswa, mtu hutembea hatua chache akitazama vitu vya kawaida. Watu wa Mwanza wasidhani hili ni jambo geni. Hans Cory, Mwaustria aliyeitumikia serikali ya Tanganyika kama mtaalamu wa jamii, aliandika mwaka 1955 juu ya Buswezi, chama cha wenye kupandwa na mizimu miongoni mwa Wasukuma na Wanyamwezi. Ukiweka kando imani, jambo moja ni wazi: mtu haingii peke yake, haingii kwa kujisikia tu. Kuna ugonjwa uliotangulia, kuna mfumu, yaani mganga, aliyepiga ramli, kuna wakubwa wanaompokea, kuna siku za kuingizwa, na siku hizo huisha, naye hurudi kulima. Miaka kadhaa kabla, 1946, huyo huyo Cory aliandika juu ya Buyeye, chama cha wacheza na nyoka, ambao wenye kufika makumbusho ya Bujora pale Kisesa bado husikia habari zao na kuona ngoma zao. Bayeye, wanachama wake, huchanjwa dawa ya kuzuia sumu kabla ya kumshika nyoka. Kama dawa ile inazuia sumu au haizuii, wenye maabara watajadiliana. Ninachokitazama mimi ni utaratibu: dawa kwanza, nyoka baadaye.

Pwani nako ni vivyo hivyo. Kwenye kilinge pepo huulizwa jina, huulizwa anataka nini, hupewa kiti chake na siku zake, na nje ya siku hizo anatarajiwa amwache mwenye mwili apike, azae, aende sokoni. Zikri ya tarika ya Kadiria nayo ina ngazi. Watu huanza wameketi, sauti ikiwa chini. Hupanda, husimama, hadi pumzi yenyewe ndiyo inayosikika vifuani. Kisha anayeongoza huishusha, dua husomwa, na watu huketi kunywa kahawa wakiulizana habari za watoto. Kahawa ile si nyongeza, ni sehemu ya ibada kwa maana hii ya mwili: inamrudisha mtu katika ulimwengu wa vikombe na sukari. Wazee hawakuwa na kliniki, lakini walijua kwamba kupanda ni rahisi na kushuka kunataka fundi. Wale ambao kupanda kwao hakukuwa na mwisho hawakuitwa walioendelea sana. Waliitwa majununi, na walihurumiwa.

Kilichobadilika leo ni kwamba mlango wa kuingilia umetoka nje ya nyumba yake. Kijana wa Kirumba aliyekulia kwenye mabanda ya video akitazama filamu za kung fu zilizotafsiriwa kwa sauti ya mtangazaji, sasa ana simu mkononi, na simu inampa pumzi ya moto, pumzi ya barafu, kufungua jicho la tatu, kuamsha nguvu zilizolala. Video ya dakika moja haina nafasi ya kufunga kazi. Kusugua viganja hakuvutii mtazamaji. Haina pia mtu wa kumtazama usoni na kumwambia leo basi. Lakini hatari kubwa zaidi, kwa maoni yangu, haimo ndani ya qigong yenyewe bali katika kurundika. Mtu huyohuyo anafunga kula kwa wiki, anakesha kwenye maombi Ijumaa, anapumua kwa nguvu alfajiri ya Jumamosi, na ameacha dawa alizopewa kwa kuwa ameambiwa zinaziba njia. Kila kimoja kati ya hivyo, kwa kipimo na chini ya uangalizi, kina heshima yake. Vikirundikwa na mtu mmoja chumbani peke yake, mwili hauulizi kipi ni cha Mungu na kipi ni cha China. Unahesabu tu usiku uliopita bila kulala na milo iliyokosekana.

Nitajibiwa kwamba misukosuko ndiyo tiba yenyewe, kwamba uchafu wa zamani ukitoka lazima unuke, na anayeacha katikati ataondoka na nusu ya ugonjwa. Hoja hii ina ukweli ndani yake, ndiyo maana ni ya hatari. Ni kweli mtu aliyefunga huzuni kifuani miaka mingi anaweza kulia siku anapotulia, na kilio hicho kikamfaa. Lakini kilio kinachofaa kinafuatwa na usingizi mzito na njaa ya kweli. Baada ya siku mbili tatu mtu amepungukiwa mzigo, na watu wa nyumbani wanaliona hilo bila kuambiwa. Msukosuko unaokua juma hadi juma si uchafu unaotoka. Tena tazama jinsi maelezo hayo yalivyojengwa: ukijisikia vizuri, zoezi linafanya kazi, ukijisikia vibaya, linafanya kazi zaidi. Maelezo yasiyoweza kukosea kamwe hayawezi kumwonya mtu kamwe. Mvuvi asingekubali kuuziwa mtumbwi kwa maneno ya namna hiyo, kwamba maji yakiingia ndiyo dalili ya ubao mzuri.

Jibu lingine ni kwamba walioharibikiwa walikuwa wagonjwa tangu mwanzo, na zoezi limefunua tu kilichokuwamo. Wapo ambao ni hivyo, bila shaka. Ila jiulize ni nani anayetafuta mazoezi haya. Utafiti uliochapishwa mwaka 2003 na uliofanyika Dar es Salaam uliwalinganisha watu waliokwenda kwa waganga wa jadi na waliokwenda zahanati: karibu nusu ya wateja wa waganga walikuwa na matatizo ya kawaida ya akili kama hofu na sonona, dhidi ya takriban robo kwa wenzao. Wenye mioyo mizito ndio wanaobisha hodi kwenye milango inayoahidi kutua mzigo. Anayefundisha pumzi kwa kudhani wanafunzi wake wote ni wazima ni kama mwenye boti anayepakia abiria wa Ukerewe kwa kudhani wote wanajua kuogelea. Kuwapo kwa udhaifu tangu mwanzo hakumpunguzii mwalimu wajibu, kunamwongezea: aulize kabla ya somo la kwanza kama mtu amewahi kulazwa kwa ugonjwa wa akili, kama kwao kuna aliyeugua, kama anatumia dawa, na amwambie waziwazi asiziache.

Wapo pia watakaosema kwamba hayo ni mambo ya majini, hospitali haiwezi, na makala ya gazeti ndiyo haiwezi zaidi. Sitaki ugomvi huo, wala dalili ninazozieleza hazimlazimishi mtu kuchagua upande. Awe ni jini, awe ni ugonjwa, awe ni moto uliotoroka, usiku wa nne bila usingizi ni usiku wa nne bila usingizi. Familia nyingi za Kanda ya Ziwa tayari hupita pande zote mbili, kwa mganga au mchungaji asubuhi, na mchana zinapanda kilima cha Bugando, ambako hospitali ya rufaa ina idara ya afya ya akili na hakuna haja ya kungoja hadi mtu apelekwe Mirembe, Dodoma. Ninachoomba kwa mganga na mchungaji ni kitu kimoja: wasimwongezee mfungo na mkesha mtu ambaye tayari halali wala hali. Wasimfunge kamba. Wakati mwingine hatua ya kwanza ni ya kawaida hadi inaonekana kama dharau kwa jambo la kiroho. Aache zoezi lote, si kulipunguza. Ale chakula kizito, ugali na samaki. Afanye kazi ya mikono iliyo mbele yake, kuchambua dagaa, kufua, kupalilia, miguu ikigusa ardhi. Asikae peke yake. Ikiwa anasikia sauti zinazomwamrisha, au anazungumzia kufa, au usiku wa tatu umepita macho makavu, hapo si pa kujaribu samli ya Hakuin. Apelekwe hospitali siku hiyohiyo, na atakayempeleka aeleze bila aibu ni zoezi gani alikuwa akifanya, kwa saa ngapi, na tangu lini. Daktari asiyeambiwa hawezi kulikisia.

Linabaki swali la nani awe shahidi, maana mwenyewe hafai. Aliyetulizwa na zoezi atakwambia yuko sawa, na aliyevurugwa atakwambia hajawahi kuwa sawa kama sasa. Mwalimu naye ana ada yake na jina lake la kulinda, hata akiwa mkweli. Katika nyumba za kupanga za Mabatini ukuta mmoja hutenganisha vyumba viwili, na mara nyingi juu yake hakuna dari. Jirani aliyejilaza upande wa pili husikia nyayo zikienda na kurudi, huona mwanga wa taa ukipita juu ya tofali za mwisho saa tisa usiku, na jana yake, na juzi yake. Huenda hajawahi kulisikia neno qigong maishani mwake. Huyo ndiye wa kuulizwa kwanza.